Nimeona doa jeusi kwenye Mshtarii na darubini yangu ni ya inchi 6 tu, mtu kama mimi anaweza kusaidia utafiti?

Mtanga_Angani

Habarini za muda huu wakuu, poleni na majukumu.

Niko Tanga mjini, kazi yangu fundi wa mafriji na AC, mambo ya anga nimejifundisha mwenyewe usiku kwa simu na vitabu viwili vitatu. Mwaka jana kuna mgeni alikuwa anahama akaniuzia darubini yake ya kioo ya inchi 6, ile isiyo na mota, inakaa kwenye boksi la mbao unaisukuma kwa mkono kufuata nyota. Tangu hapo kila usiku anga likiwa safi niko juu ya slab ya nyumba.

Sasa Jumamosi iliyopita naangalia sayari ya Mshtarii (Jupiter) kwa lenzi ya milimita 10, kwenye darubini yangu hiyo inakuza mara 120. Mikanda miwili ya kahawia naiona vizuri, miezi mitatu imejipanga pembeni, wa nne siuoni. Mara nikaona doa jeusi tiii, duara, dogo kama mtu ametoboa kwa sindano, liko karibu na ukingo. Nikajua ni uchafu, nikatoa lenzi nikaifuta, nikaizungusha, doa liko palepale. Hiyo ilikuwa saa 4 na robo. Nikakaa nalo, picha inachezacheza kama maji ya kuchemka lakini doa halipotei, na ilipofika kama saa 5 na nusu hivi likawa katikati kabisa ya sayari, halafu mawingu yakaja kutoka baharini yakafunga kila kitu.

Nilishasoma kwamba mwaka 1994 kuna nyota ya mkia ilivunjika vipande ikaigonga Mshtarii ikaacha madoa meusi, kwa hiyo moyo ulinienda mbio jamani, sikulala. Asubuhi nikaandika barua pepe kwa taasisi moja ya nje nikaeleza yote, mpaka leo kimya.

Naomba kujua mambo mawili. Lile doa ni nini? Na la pili ndo linaniumiza zaidi, je hivi vitu mtu wa kawaida asiye na digrii na asiye na kamera anaweza kuvifanya vikaingia kwenye utafiti wa kweli, au sisi ni wa kutazama tu?

---

Kaskazi_Upepo

Mkuu hongera sana, mimi hata kuiona mikanda sijawahi. Jibu la kwanza nawaachia wajuzi ila la pili nakumbuka aliyeigundua Uranus mwaka 1781 alikuwa mwanamuziki, William Herschel, alikuwa anaangalia kutoka bustani ya nyumba yake mji wa Bath huko Uingereza kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe. Kwa hiyo usijidharau. Nafuatilia uzi huu.

---

Mwalimu_Fizikia_Dom

Mtanga, nimesoma maelezo yako mara mbili na nataka nianze kwa kukwambia kwamba umeandika vizuri kuliko watu wengi wenye vifaa vikubwa: umetaja saa, umetaja ukuzaji, umetaja umbo la doa, na umetaja kitu ambacho pengine hukujua kina uzito, kwamba mwezi wa nne huuoni.

Ule mwezi wa nne ulikuwa mbele ya uso wa sayari, na mwanga wake unafanana sana na wa mawingu ya Mshtarii ndo maana hukuuona. Lile doa ni kivuli chake. Kwa mwendo ulioutaja, kutoka ukingoni mpaka katikati kwa saa moja na robo, huyo ni mwezi unaoitwa Io, kivuli chake kinavuka sayari nzima kwa saa mbili na dakika kadhaa. Kovu la kugongwa halitembei hivyo. Kovu limo ndani ya mawingu kwa hiyo linazunguka pamoja na mikanda, na Mshtarii inajizungusha mara moja kwa karibu saa 9 na dakika 55, maana yake kovu linahitaji kama saa tano kutoka ukingo hadi ukingo. Kivuli kinakipita kila kitu kilicho jirani yake kwenye mkanda, kovu linabaki na majirani zake. Halafu rangi, kivuli ni cheusi kama wino na mviringo wake safi, makovu ya 1994 yalikuwa na kingo zilizochafuka kama moshi.

Usichukue neno langu hivihivi, lipime. Io inarudi mahali pake kila baada ya saa 42 na nusu hivi. Mizunguko minne ni siku 7 na karibu saa 2. Kwa hiyo kama ni kivuli cha Io, Jumamosi hii inayokuja utakikuta mahali palepale ulipokiona saa 4 na robo, ila itakuwa ni kwenye saa 6 na dakika 10 usiku, kuamkia Jumapili. Kama hakipo basi mimi nimekosea na wote tuna kazi ya kufanya.

Na kuhusu moyo kwenda mbio, hata Anthony Wesley wa Australia ilimtokea hivyohivyo. Tarehe 19 Julai 2009, miaka 15 kamili baada ya ile migongano, yuko nyumbani kwake na darubini ya inchi 14 na nusu, hewa imeharibika akataka kufunga, akapumzika kama nusu saa akarudi. Akaona alama nyeusi karibu na ncha ya kusini. Akadhani ni kivuli cha mwezi. Kilichomtoa kwenye shaka ni kwamba aliijua Mshtarii yake, alijua mahali pale hapakuwa na kivuli usiku ule na alama inazunguka pamoja na mawingu. Akawaandikia watu, wanasayansi wa NASA wakaelekeza darubini kubwa ya Hawaii kule, wakakuta ni kovu kweli, na siku chache baadaye Hubble, ile darubini iliyoko angani, ikalipiga picha. Wesley kwa kazi yake ni mtu wa programu za kompyuta.

Kukosa kamera nako siyo mwisho. Tarehe 10 Septemba 2012 kule Marekani Dan Petersen alikuwa anaangalia kwenye darubini kwa jicho tu, bila kamera, akaona mwako mweupe pembeni mwa Mshtarii, sekunde chache umezima. Hakuwa anarekodi. Akaandika mtandaoni saa na mahali alipouona, mwenzake George Hall wa Texas akasoma, akaenda kuangalia video yake ya usiku uleule, mwako huo hapo. Video bila Petersen ingekaa tu kwenye diski, na Petersen bila video tungesema macho yamemdanganya.

---

Mtanga_Angani

Shikamoo mwalimu. Nimesoma nimerudia. Kusema kweli nimefurahi na nimesikitika kidogo kwa wakati mmoja maana nilishaanza kuwaambia watu kijiweni Mshtarii imegongwa. Jumamosi nitakuwepo.

Swali: ningewezaje kuandika ile taarifa ili mtu asiipuuze?

---

Mwalimu_Fizikia_Dom

Marahaba. Kosa kubwa letu Waswahili ni saa, na nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinikuta. Niliwahi kutuma taarifa ya Doa Jekundu Kubwa, ile dhoruba kubwa ya Mshtarii, kwa kikundi kimoja cha waangaliaji wa nje, usiku wa manane nimeandika daftarini "saa 8", nikahamisha kwenye fomu nikajaza 08:00. Wakanijibu kwa heshima tu kwamba kwa saa hiyo mahali nilipo Mshtarii ilikuwa chini ya upeo na jua limeshatoka. Usiku mzima ukaenda bure, na siku ile hewa ilikuwa tulivu sijaona tena mfano wake.

Kwa hiyo fanya hivi. Saa 4 na robo usiku yako ni 22:15, toa 3 unapata 19:15 ya Greenwich, wao wanaiita UT, dunia nzima wanaandikiana kwa hiyo. Ukivuka saa sita usiku angalia na tarehe: saa 6 na dakika 10 usiku wa kuamkia Jumapili ni 21:10 UT na bado ni Jumamosi. Mimi sasa nina saa ya ukutani ya zamani nimeiweka kwa UT na nimeifunga kwenye mguu wa darubini, sifanyi hesabu gizani tena.

Na kuna kazi ambayo darubini yako inaiweza kabisa bila kamera. Ukiona alama yoyote kwenye Mshtarii, Doa Jekundu au mafundo meusi ya kwenye mkanda wa kaskazini, andika dakika inayopita kwenye mstari wa katikati wa sayari, ule wa kutoka ncha hadi ncha. Basi. Dakika moja ya saa ni nyuzi 0.6 za longitudo ya Mshtarii, kwa hiyo mtu mwenye jicho zuri na saa sahihi anapata mahali pa doa kwa usahihi wa nyuzi moja mbili. Waangaliaji wa zamani kina Denning wa Bristol, Uingereza, walifanya hivyo kwa penseli, na chama cha Waingereza cha watazama anga, BAA, kimekusanya hizo dakika tangu 1890. Tunajua Doa Jekundu linasinyaa, mwishoni mwa karne ya 19 lilikuwa na upana wa kama kilomita 40,000 na siku hizi ni kama 16,000, kwa sababu kuna watu walikuwa wanakaa na daftari kabla hakijaruka chombo chochote angani.

Kingine, shuka hapo juu ya slab. Zege limekula jua mchana kutwa na usiku linatema joto mbele ya darubini yako, wewe fundi wa AC hili unalijua kuliko mimi. Weka kwenye majani au udongo, itoe darubini nje saa nzima kabla ili kioo kipoe.

---

Chuma_Cha_Kigamboni

Wakuu sipo hapa kumkatisha mtu tamaa ila nauliza kwa nia njema. Chombo cha Juno kipo Mshtarii tangu Julai 2016, Hubble ipo, kuna madarubini ya mita 8 na mita 10. Hivi kweli wanahitaji daftari la Tanga? Au tunajifariji tu?

---

Mwalimu_Fizikia_Dom

Swali zuri Chuma na halinikeri hata kidogo, niliwahi kujiuliza hivyo.

Hubble inapangiwa kazi na dunia nzima, ramani kamili ya Mshtarii kwenye ule mpango wake wa sayari za nje inapiga kama mara moja kwa mwaka. Juno ilianza na mzunguko wa siku 53 hivi, inapita karibu kwa saa chache halafu inaenda mbali, na kamera yake ikiwa karibu inaona kipande tu cha sayari, ni kama wewe unaitazama nyumba kupitia tundu la ufunguo. Kujua kipande hicho kina nini, na kimetoka wapi, wamekuwa wakitumia picha za watu wa majumbani. Hiyo haijafichwa, timu ya kamera ya Juno iliwaomba kwa uwazi.

Na mfano wa hapa kwetu Afrika. Clyde Foster, anaangalia kwa kujitolea, alikuwa anakaa Centurion, Afrika Kusini. Alfajiri ya tarehe 31 Mei 2020 akiwa na darubini yake ya inchi 14 na kichujio cha mwanga ule unaomezwa na gesi ya methani, akaona doa jeupe jipya kusini mashariki ya Doa Jekundu Kubwa. Kichujio hicho kinafanya mawingu ya chini yawe meusi na yaliyopanda juu sana yang'ae, kwa hiyo alijua hapo kuna wingu limelipuka kutoka chini. Sasa sikiliza hili, waangaliaji wa Australia walikuwa wameipiga picha sehemu hiyohiyo saa chache tu kabla na hapakuwa na kitu. Siku mbili baadaye, tarehe 2 Juni, Juno ikapita juu yake na kupiga picha ya karibu. Sasa hivi linaitwa Doa la Clyde.

Kwa nini Clyde na siyo Hawaii? Kwa sababu saa ile Hawaii ilikuwa imegeukia kwingine. Dunia inazunguka na Mshtarii inazunguka, lazima awepo mtu macho kwenye kila longitudo. Ukitoka Australia kuja magharibi ni Bahari ya Hindi tupu kwa maelfu ya kilomita, ukiacha visiwa kama Madagaska, nchi kavu inayofuata ni sisi, pwani hii ya Afrika. Na wengi wa wanaoangalia wako Ulaya ambako kukiwa na mawingu ya baridi wiki mbili hakuna anayeona kitu. Halafu sisi tuko karibu na ikweta, sayari zinapanda juu kabisa ya kichwa, unaziangalia kupitia hewa nyembamba, Mwingereza kuna miaka anaitafuta Mshtarii juu kidogo ya paa la jirani. Damian Peach, mmoja wa wapigaji bora wa picha za sayari, amesafiri kutoka Uingereza mpaka Barbados kufuata anga la namna hii ambalo Mtanga analo uani kwake. Na Christopher Go aliyeko Cebu, Ufilipino, latitudo kumi tu, ndiye aliyegundua mwaka 2006 kwamba doa jingine jeupe la Mshtarii, linaloitwa Oval BA, limegeuka jekundu.

Ukubwa wa kioo nao usikutishe. Tarehe 17 Machi 2016 mwako mwingine ulirekodiwa Austria na Gerrit Kernbauer kwa darubini ya inchi 8. Hewa ilikuwa mbaya usiku ule hata video hakuzishughulikia, siku kama kumi baadaye ndo akazipitia, akaukuta. John McKeon wa Ireland akawa naye anao.

---

Chuma_Cha_Kigamboni

Hapo kwenye Bahari ya Hindi tupu umenishika mwalimu. Sikuwahi kulifikiria hivyo. Sisi tusio na darubini kabisa je?

---

Bi_Rujewa

Naomba nijibu hili la Chuma. Mimi niliingia kwenye mambo haya tarehe 1 Septemba 2016 Rujewa, Mbarali, siku jua lilipobaki pete. Nilikuwa na watoto wa shule, tukasimama uwanjani, mwanga ukawa wa ajabu, mchana una rangi ya jioni lakini vivuli vifupi. Tangu siku hiyo nahesabu madoa ya jua.

Nina darubini ndogo ya kawaida ya macho mawili, jicho moja nimeliziba kwa kifuniko, la pili nalielekeza juani na picha ya jua inaangukia kwenye karatasi nyeupe ndani ya boksi. HAKUNA anayeweka jicho pale hata kwa nusu sekunde, jua linachoma jicho bila maumivu na halirudi, mimi mtoto akikaribia naifunika kwanza ndo naongea. Kila dakika mbili naigeuza ipoe. Kwenye karatasi nina duara nimelichora, naweka alama ya kila doa kwa penseli. Halafu hesabu yake ni rahisi: kila kundi la madoa pointi 10, kila doa pointi 1, kwa hiyo makundi matatu yenye madoa 14 ni 44. Hiyo hesabu ni ya Rudolf Wolf, karne ya 19, na kituo cha Brussels kinachotunza idadi ya madoa ya jua bado kinapokea hesabu za watu wa kujitolea pamoja na za vituo vikubwa. Darubini yangu hiyo ni ndogo, hesabu zangu nazitunza kwa ajili ya shule, lakini njia ni ileile. Na aliyegundua kwamba madoa yanaongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama 10 hivi alikuwa mfamasia wa Dessau, Ujerumani, Heinrich Schwabe, alianza 1826 akitafuta sayari ndani ya njia ya Utaridi. Sayari hakuipata. Alikuwa na miaka 17 ya michoro ya jua na humo ndimo mzunguko ulipoonekana.

Na kwa macho matupu kuna vimondo. Mwanzoni mwa Mei, tarehe 5 na 6 hivi, kabla ya alfajiri, dunia inapita kwenye vumbi la nyota ya mkia ya Halley. Watu wa kaskazini ya mbali hawavioni vizuri kwa sababu eneo vinakotokea linapanda muda mfupi tu kabla hakujakucha, sisi tunavipata. Pwani bado ni masika, lakini Dodoma na Iringa anga limeshaanza kufunguka. Unalala chali kwenye mkeka, unaandika saa ya kuanza na kumaliza, nyota hafifu kabisa unayoiona, na idadi. Na usipoona kitu andika sifuri, sifuri ni taarifa.

(Mwalimu, Utaridi nimemaanisha ile ya karibu na jua. Kuna vitabu vya shule viliwachanganya watoto, vikaita Zohali ni Uranus na ile yenye pete wakaiita Sarateni. Wazee wa pwani Zohali yao ni ile yenye pete, na Sarateni ni kundi la nyota la Kaa. Wanangu nawafundisha ya wazee.)

---

Mwalimu_Fizikia_Dom

Nakuunga mkono dada, Zohali ni yenye pete. Asante kwa la sifuri, ningelisahau.

---

Mtanga_Angani

Wakuu nimerudi. Ni Jumapili saa 4 asubuhi, nimelala kidogo sana lakini siwezi kungoja.

Nilishusha darubini uani kwenye majani tangu saa 4 usiku, nikaiacha ipoe. Tofauti ya slab na majani sikuitegemea, mkanda wa kaskazini ambao kwangu siku zote ulikuwa mstari mnene leo umekuwa na vifundo, nimehesabu vitatu. Saa 5 na dakika 40 miezi ilikuwa mitatu, wa nne haupo. Nikajua uko mbele. Nikawa natoa jicho kila baada ya dakika mbili tatu kulipumzisha, mbwa wa jirani anabweka, mke wangu kakaa pembeni na simu ameiweka UT anasubiri nimwambie.

Saa 6 na dakika 5 hakuna kitu. Saa 6 na dakika 8 nikaona kama ukingo umeng'atwa kidogo upande wa mashariki, ule ambao sayari haikimbilii ukiacha kuisukuma darubini. Saa 6 na dakika 11 doa limekamilika, jeusi, duara, lilelile. Mwalimu ulisema 6 na 10. Nilibaki nimesimama tu.

Halafu kitu ambacho sikukitarajia: saa 7 na dakika 20 hivi, upande wa pili, kwenye ukingo wa magharibi kikatokea kinundu cheupe, kama tone linataka kudondoka, kikaachana na sayari polepole, huo ndo Io mwenyewe anatoka mbele, na kivuli chake bado kiko nyuma kinakuja. Mke wangu naye akaona. Akaniuliza kwa hiyo sasa hivi mtu akiwa pale kwenye doa kwake jua limepatwa, nikamwambia ndiyo.

Daftari langu la kwanza la UT hili hapa, mnirekebishe:

Jumamosi. Tanga. Kioo inchi 6, mara 120. Hewa tulivu kiasi, umande mwingi.
21:08 ukingo wa mashariki unaonekana kung'atwa.
21:11 kivuli chote ndani.
21:34 kifundo cheusi cha kwanza mkanda wa kaskazini kwenye mstari wa katikati.
21:52 kifundo cha pili.
22:20 Io anaanza kuonekana ukingo wa magharibi.
22:40 mawingu.
Miako: sifuri.